Mombasa iliyoko angani, na jinsi asteroidi zinavyopewa majina

Iko Mombasa nyingine ambayo haina kivuko wala bandari. Ni jiwe jeusi lenye upana wa takriban kilomita 56, karibu sawa na safari ya kutoka mjini hadi Kilifi, na linalizunguka jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Mzunguko mmoja huchukua zaidi ya miaka minne na nusu. Katika orodha ya wanafalaki limeandikwa 1428 Mombasa. Usitoke nje kulitafuta usiku, kwani bila darubini halionekani.

Mawe ya aina hii huitwa asteroidi, mabaki ya zama zile sayari zilipokuwa zikiumbika. Mombasa iligunduliwa tarehe 5 Julai 1937 na Cyril Jackson, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha darubini cha Johannesburg, Afrika Kusini. Jackson aligundua asteroidi 72 maishani mwake, na mara nyingi majina aliyachota kwenye ramani ya Afrika. Kenya na Uganda, nambari 1278 na 1279, ni zake za mwaka 1933. Mwezi uleule alioiona Mombasa aliziona pia Pemba na Somalia. Tanga nayo imo, nambari 1595, iliyogunduliwa hapohapo Johannesburg mwaka 1930. Basi pwani yetu imetajwa vizuri huko juu, ingawa hakuna mtu wa pwani aliyeulizwa.

Jina halitolewi siku ya ugunduzi. Kwanza jiwe hupewa alama ya muda, na ya Mombasa ilikuwa 1937 NO. Alama hiyo inasomeka hivi: 1937 ni mwaka. N ni nusu ya kwanza ya Julai, kwa kuwa kila nusu ya mwezi ina herufi yake kuanzia A, na herufi I hurukwa isije ikadhaniwa ni moja. O ni ya kumi na nne katika hesabu hiyo, maana yake lilikuwa jiwe la kumi na nne kuandikishwa katika nusu mwezi ile. Njia ya jiwe ikishajulikana kwa uhakika, jambo ambalo huweza kuchukua miaka, hupewa nambari ya kudumu. Hapo ndipo mgunduzi hupata haki ya kupendekeza jina, na haki hiyo hudumu miaka kumi. Mawe yenye nambari ni mamia ya maelfu, lakini yenye majina ni machache mno kati yake.

Asteroidi ya kwanza ilionekana tarehe 1 Januari 1801, na aliyeiona ni Giuseppe Piazzi kule Palermo, Sicily. Aliiita Ceres Ferdinandea: Ceres ni mungu wa kike wa mavuno wa Warumi wa kale, na Ferdinand alikuwa mfalme wake. Wanafalaki wa nchi nyingine walimkataa mfalme, ikabaki Ceres. Ugomvi kama huo ulizuka tena mwaka 1850, pale John Russell Hind wa London alipoiita asteroidi Victoria wakati Malkia Victoria yu hai. Wamarekani walilalamika. Hind akajitetea kwamba Victoria ni mungu wa ushindi wa Kirumi, na jina likapita. Ujanja mtupu, ukiniuliza mimi.

Siku hizi anayeamua ni kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki. Jina lisizidi herufi 16, litamkike, lisitukane, wala lisifanane mno na lililotangulia. Majina ya biashara hayaruhusiwi. Mwanasiasa au mwanajeshi husubiri miaka 100 baada ya kufa kwake, sheria ambayo ingetufaa hata huku chini kwenye majina ya barabara. Wanyama wa nyumbani nao hawapendelewi tena, tangu James Gibson aliponamia jiwe lake, nambari 2309, jina la paka wake, Mr. Spock, na wenzake wakanung'unika.

Maana za majina mengine zinatisha. Apophis ni joka la giza katika visa vya Misri ya kale, na jiwe lenye jina hilo litapita karibu na dunia usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, umbali wa takriban kilomita 32,000 kutoka ardhini. Halitatugonga. Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako litaonekana kwa macho matupu, kama nyota inayotembea, iwapo mawingu ya masika yatakubali.

Jambo moja la kujihadhari: kamati hii haiuzi majina. Wapo watu mtandaoni wanaouza vyeti vya kuipa nyota jina la mpenzi au la marehemu, na cheti hicho hakitambuliwi na mwanafalaki yeyote. Njia iliyopo ni kugundua jiwe lako, au kumwomba mgunduzi aliyebakiwa na haki.

Jackson alichukua jina lililokuwa kwenye ramani yake. Mwenyeji wa kisiwani angeweza kuandika Mvita, herufi tano tu, na lingepita vigezo vyote vya urefu.