Saa ya Mgori na kosa la Einstein

Nilikuwa Mgori, Singida, kufuatilia habari ya mipaka ya msitu, ule ambao wanavijiji walianza kuulinda wenyewe miaka ya 1990. Kijana wa doria alikuwa na kifaa cha GPS. Mzee mmoja akamuuliza, "Mjukuu wangu, hicho kidude kikikosea hatua thelathini, shamba langu si litakuwa msitu?" Tulicheka, lakini swali lile nimerudi nalo mjini.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1905 Albert Einstein aliandika kwamba saa iliyoko ikweta huenda polepole kuliko iliyoko kwenye ncha ya dunia, kwa kuwa dunia inazunguka na ikweta ndiyo inayokimbia zaidi. Mgori hukimbizwa kuelekea mashariki takriban kilomita 1,660 kwa saa. Kwa mwendo huo peke yake, saa ingechelewa kama nanosekunde 100 kwa siku. Nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa kwa bilioni.

Kumbe hesabu ilipungua kitu: uvutano, ambao hakuwa ameuingiza bado. Kule kuzunguka kumeitunisha dunia kiunoni, na saa iliyo mbali zaidi na kitovu huenda haraka. Kwenye usawa wa bahari mambo haya mawili hufutana.

Oktoba 1971 Wamarekani Joseph Hafele na Richard Keating walizunguka dunia kwa ndege za abiria wakiwa na saa nne za atomu. Walipokwenda mashariki, mwendo wa ndege ulijumlishwa na wa dunia, saa zikapoteza nanosekunde 59. Walipokwenda magharibi zikapata 273.

Sasa jibu la mzee. Mawimbi ya satelaiti hufika Mgori baada ya kama sehemu 7 za mia za sekunde. Kwa muda huo mfupi, ardhi imeshasogea mashariki mita 30 na ushee. Kifaa kisipohesabu mzunguko huo, mpaka unahama. Zile zile hatua thelathini za mzee!

Bahati nzuri hesabu hiyo imo ndani ya kifaa. Isiyokuwemo ni hii: nani alikishika siku ya kupima, na mwenye shamba aliitwa? Hilo tuulize sisi waandishi.

Nasubiri maoni yenu, wadau.