Maneno Magumu ya Kiingereza

Hudhaniwa mara nyingi kwamba maneno magumu ya Kiingereza humsumbua mgeni peke yake. Historia yashuhudia kwamba yalimsumbua kwanza Mwingereza mwenyewe.

Baada ya Wanormani kuishika Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya wakuu kwa muda mrefu, na Kilatini lugha ya kanisa na elimu. Katika karne ya 16 waandishi walileta maneno ya Kilatini na Kiyunani kwa wingi, wengine kwa haja, wengine kwa kujitukuza. Mwaka 1553 Thomas Wilson, katika kitabu chake juu ya ufasaha, aliwacheka wenye kujitukuza: mama zao wangalikuwa hai, wasingalifahamu watoto wao wasemalo.

Dhihaka haikuyazuia maneno hayo. Mengi yalidumu, yakawa kama mlango uliofungwa. Mvulana aliyepelekwa shule ya Kilatini alipata ufunguo. Wanawake, ambao kwa kawaida hawakupokewa katika shule hizo, walibaki nje pamoja na watu wengi wa kazi. Walisikiliza mahubiri katika lugha yao wenyewe, na maana ikawapita.

Robert Cawdrey aliwahurumia. Alikuwa mwalimu wa shule huko Oakham, kisha kasisi wa South Luffenham, akaondolewa katika kazi hiyo kwa kutofuata taratibu za ibada zilizoamriwa. Mwaka 1604 kitabu chake, A Table Alphabeticall, kilitoka London. Hiyo ndiyo kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Ilikuwa na maneno kiasi cha 2,500 tu, yote yakihesabiwa magumu, na mengi yalielezwa kwa neno jepesi moja au machache. Ilitajwa waziwazi kuwa ni ya wanawake na wengine wasio na elimu. Utaratibu wa alfabeti nao ulikuwa mgeni kwa wengi, hata ilimpasa Cawdrey kueleza kwamba neno lianzalo kwa a litafutwe mwanzoni.

Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi kubwa yenye maneno zaidi ya 40,000, na sifa zikamwendea yeye. Nakala ya toleo la kwanza la Cawdrey inayojulikana ni moja tu, nayo imehifadhiwa Oxford. Hata hivyo somo lake lingali hai. Neno gumu alijualo mtu halimpi akili kuliko mwenzake; laonyesha tu kwamba alipata wa kumweleza.