Korongo la Flume na Jiwe Lililopotea

Mwaka 1808, katika milima ya New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani, bibi kizee mmoja mwenye miaka 93 alitoka kwenda kuvua samaki. Jina lake Jess Guernsey. Watu walimwita Aunt Jess, yaani Shangazi, kama sisi tunavyowaita kwa heshima wanawake wazee hata wasipokuwa wa damu yetu. Basi akafika penye kijito kimoja chini ya mlima uitwao Liberty, akaona mahali asipopajua. Huku jabali, huku jabali, na maji yapita katikati. Na juu, kati ya kuta hizo mbili, jiwe kubwa lenye umbo la yai limebanwa, halianguki. Aliporudi kusimulia, watu wa nyumbani mwake hawakusadiki. Alipata taabu nyingi hata wakakubali. Tusiwacheke. Ni nani kwetu asiyepata kusikiliza maneno ya mzee na kusema moyoni, ni uzee tu huo?

Vitabu husema kwamba yeye ndiye aliyegundua mahali pale. Neno hilo tulipokee kwa uangalifu. Kabla ya Wazungu kujenga huko, nchi ile ilikuwa ya Waabenaki, na mto wa bonde lile, Pemigewasset, wachukua hata leo jina la lugha yao. Sisi wa Kongo, ambao maporomoko yetu ya Boyoma yaliitwa muda mrefu kwa jina la Stanley, twajua vema maana ya kugundua. Hata hivyo hatumpunguzii bibi yule sifa yake: miaka 93, naye angali akifuata samaki milimani!

Mahali pale paitwa Flume. Kuta zake zimesimama wima, kimo cha mita 21 hadi 27, na nafasi iliyo kati yake ni mita 4 hadi 6 tu. Urefu wa korongo wapata mita 240. Mawe yake ni yale magumu yaitwayo graniti, au matale. Mtu akiyaona hudhani kwamba jabali lilipasuliwa siku moja kwa nguvu ya ajabu. Sivyo. Yapata miaka milioni 200 iliyopita, uji wa mawe yenye moto ulipoa polepole chini sana ya ardhi, ukawa graniti. Baadaye graniti ikafanya nyufa, na katika nyufa hizo uji mwingine ukapanda toka chini, ukaganda kuwa jiwe jeusi liitwalo basalti. Sasa, basalti huliwa na maji upesi kuliko graniti. Ardhi ya juu ilipokwisha kuondolewa katika karne zisizohesabika, kijito kiliikuta ile basalti, kikaila kidogo kidogo, kikaziacha kuta. Korongo ni nafasi ya jiwe lililoondoka, basi.

Lile jiwe la yai lilikuwa na kimo cha mita 3, na urefu wake ulizidi mita 3 na nusu. Wageni wengi walikuja kulitazama, wakapita chini yake bila hofu. Kisha mwezi wa Juni 1883 ikanyesha mvua kubwa, upande wa mlima ukaporomoka, yote yakashuka korongoni kwa kishindo. Walipokwenda kutazama, jiwe halipo. Wala halijaonekana hata leo. Kupotea sindano twafahamu, lakini jiwe kama nyumba! Mvua hiyohiyo ilichimba korongo zaidi, yakatokea maporomoko mapya ya mita 14, yaitwayo Avalanche Falls. Wageni wa leo huyapiga picha, na Aunt Jess hakuyaona kamwe. Katika bonde hilohilo palikuwa na mwamba mwingine wenye sura ya uso wa mzee, fahari ya jimbo zima. Tarehe 3 Mei 2003 watu waliamka, hawakuuona tena. Ulikuwa umeanguka.

Njia ya siku hizi huzunguka kilometa 3 na zaidi kidogo, nayo haichoshi sana. Ziko ngazi, na vibao vimefungwa kando ya ukuta juu ya maji. Liko daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1886.

Lakini nusura mahali hapa paharibike, wala si kwa mvua. Mwaka 1923 hoteli kubwa ya bonde lile, Profile House, iliungua, na wenyewe wakaamua kuuza ardhi yao, hekta 2,400 hivi pamoja na misitu yake. Wakata mbao walikuwa tayari. Bei ilikuwa dola 400,000. Serikali ya jimbo ilitoa nusu. Mali iliyoachwa na tajiri mmoja, James Storrow, ikatoa 100,000. Zile 100,000 za mwisho zilitafutwa na chama cha kulinda misitu pamoja na vyama vya akina mama. Wakamwambia kila mtu: toa dola moja, nawe umenunua mti mmoja. Watu wapata 15,000 walitoa, wengi wao bila shaka wasiojua mti wao ni upi. Tunawasifu hasa akina mama hao, maana kuomba dola moja moja ni kazi ya kuchosha miguu na kusikia maneno. Mwaka 1928 bonde likawa mali ya watu wote, ukumbusho wa watu wa New Hampshire waliotumika vitani.

Kando ya njia, juu ya shimo la maji lenye kina cha mita 12, ulisimama msonobari mmoja mrefu sana, mita 53 hivi. Dhoruba ya Septemba 1938 iliung'oa. Hawakuupasua kuni. Walichukua mita 18 za shina lake, wakazilaza juu ya mto, na mwaka 1939 wakajenga daraja juu yake. Watu wanapita hapo hata leo.