Upepo Nilioubuni: Jazi ya Norwe na Watu Waliosahaulika

Ukitaka kumjua mwandishi wa muziki mvivu, mpe santuri ya jazi kutoka Norwe aifanyie uhakiki. Sentensi ya kwanza hivi, ataleta theluji. Ya pili milima. Ya tatu ukimya. Nasema kwa uzoefu, maana nimo. Miaka kadhaa nyuma niliandika kwamba saksofoni ya Jan Garbarek inasikika kama upepo wa baridi unaoshuka mlimani. Norwe kwenyewe sijawahi kufika. Baridi kali niliyokuwa naijua ni ya Njombe mwezi wa Julai.

Baadaye nikasoma maisha ya huyo Garbarek, nikaona aibu. Makala hii ni deni ninalolilipa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu "Jazz" ni jina la bendi ya dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Hapa nazungumzia jazi ya Wamarekani Weusi, ile ya akina John Coltrane, na kilichozaliwa ilipofika kaskazini ya Ulaya: muziki ambao wapigaji wanaubuni papo hapo, wakati mwingine bila wimbo uliopangwa wala mdundo wa kushikilia.

Garbarek alizaliwa Machi 1947 Mysen, mji mdogo kusini-mashariki ya Oslo. Mama yake alikuwa binti wa mkulima wa hapo hapo. Baba yake alikuwa Mpolandi, mateka wa vita aliyeletwa Norwe na Wajerumani. Kwa sheria za wakati ule mtoto hakupata uraia moja kwa moja, kwa hiyo akakaa bila nchi mpaka alipofikisha miaka 7. Yaani mtu ambaye dunia nzima inamwita sauti ya Norwe, Norwe yenyewe ilichelewa miaka saba kumwita wake.

Na muziki haukumjia kutoka mlimani. Ulimjia kwa redio. Mwaka 1961, akiwa na miaka 14, alimsikia Coltrane redioni na akaamua kwamba lazima ajifunze saksofoni. Mwaka uliofuata alikuwa tayari ameshinda shindano la wapiga jazi wa ridhaa.

Sasa hapa anaingia mtu ambaye jina lake huwa tunalipita haraka. George Russell, Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Cincinnati mwaka 1923. Alianza kama mpiga ngoma, akaugua kifua kikuu, na akiwa amelazwa hospitalini akaanza kufikiria upya jinsi muziki unavyojengwa. Mwaka 1953 akatoa kitabu cha nadharia. Kwa kifupi, alisema mpigaji hana sababu ya kukimbizana na kodi zinazobadilika kila mara. Anaweza kutulia ndani ya ngazi moja ya sauti, akaichunguza mpaka pembe zake za ndani. Mawazo hayo ni sehemu ya njia iliyomfikisha Miles Davis kwenye "Kind of Blue" ya mwaka 1959. Si jambo dogo.

Mwaka 1964 Russell akaondoka Marekani na kuhamia Skandinavia. Mwaka uliofuata, kwenye tamasha la jazi la mji wa Molde, lililoanza 1961, akamsikia kijana Garbarek, miaka 18 tu. Akamchukua. Vijana wengine wakaingia kwenye mzunguko ule ule: Terje Rypdal kwenye gitaa, Arild Andersen kwenye besi, Jon Christensen kwenye ngoma. Nadharia ya mtu aliyekuwa akihangaikia pumzi yake kitandani ikawa ndiyo shule yao.

Aprili 1969 Russell alirekodi nao, Garbarek, Rypdal na Christensen, kazi aliyoiita "Electronic Sonata for Souls Loved by Nature". Bendi inapiga moja kwa moja huku kanda zilizotayarishwa kabla zikichezwa pamoja nayo. Mahali palikuwa Høvikodden, nje kidogo ya Oslo, kwenye kituo cha sanaa cha Henie Onstad kilichokuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma. Hata ile hamu ya vijana hao kugeukia nyimbo za asili za kwao ilichochewa na mgeni: Don Cherry, mpiga tarumbeta wa Marekani aliyekuwa amehamia Uswidi, ndiye aliyemhimiza Garbarek asizipuuze.

Septemba 1970 akaja Mjerumani, Manfred Eicher, ambaye lebo yake ya ECM ya mjini Munich ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Alitaka kuwarekodi Garbarek, Rypdal, Andersen na Christensen. Walianzia pale pale Henie Onstad. Ikashindikana. Ukumbi ulikuwa na mwangwi mno, ala zikameza sauti za wenzake. Wakahamia studio ya kawaida mjini Oslo, na kwenye mitambo akakaa fundi kijana, Jan Erik Kongshaug. Ikatoka "Afric Pepperbird".

Ukiisikiliza leo, theluji utaitafuta mpaka uchoke. Ni muziki wa jasho. Saksofoni inakwaruza, inafoka, inanguruma. Ngoma zinavunjika na kujiunga upya. Ule mwangwi mpana ambao sisi wahakiki tunauita milima ulikuja kukua katika miaka iliyofuata, studioni, na wengi wetu jina la Kongshaug hatukuwahi kuliandika. Mwangwi wa bure wa ukumbi waliukimbia. Waliobaki nao ni mwangwi wa kutengenezwa, uliopimwa na fundi mwenye sikio.

Wapenzi wa vitabu nao wana kona yao katika hadithi hii. Mwaka 1969 mshairi Jan Erik Vold alitoa santuri, "Briskeby blues", akisoma mashairi yake huku Garbarek na wenzake wakipiga. Halafu kuna suala la fedha. Mwaka 1965 Norwe ilianzisha baraza la utamaduni lenye mfuko wake. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kununua nakala 1,000 za kila kitabu kipya cha fasihi kilichofaa, zikapelekwa maktaba. Baadaye muziki nao ukapata ruzuku zake. Watu husema, "Aa, wale wana mafuta." Sawa, lakini mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa 1969. Baraza lilitangulia.

Kisha shule. Mwaka 1979 chuo cha muziki cha Trondheim kilianzisha masomo ya jazi yaliyotilia mkazo kujifunza kwa sikio: sikiliza, iga, mpaka upate lako. Hapo wakakutana Arve Henriksen wa tarumbeta, Ståle Storløkken wa kinanda na Jarle Vespestad wa ngoma. Mwaka 1997, Bergen, walipiga na Helge Sten na mitambo yake ya elektroniki, likazaliwa kundi la Supersilent. Sheria yao ni moja: hakuna mazoezi, na muziki haujadiliwi. Wanapanda jukwaani na kuanza. Vipande havina majina, vina namba tu. Wakati huo huo kulikuwa na Spunk, wanawake wanne akiwemo Maja Ratkje, anayetumia sauti yake kama ala. Jina walilichukua kwa Pippi wa Astrid Lindgren, yule mtoto aliyebuni neno kisha akaenda kutafuta maana yake. Sidhani kuna maelezo mazuri zaidi ya kubuni muziki papo hapo.

Watu wanne wasioongea wanawezaje kusikilizana hivyo? Hapo ndipo upepo wangu unapoleta madhara. Nikisema muziki huu umeota kwenye theluji, nimemfuta mwalimu, fundi, maktaba na chuo. Nimemfuta pia mtu Mweusi aliyewafundisha, nikaipa milima sifa yake. Na nimempa kila afisa wa utamaduni, popote alipo, kisingizio kizuri: kama sanaa inaota yenyewe, ya nini kuitengea bajeti?

Russell alirudi Marekani 1969 na kufundisha Boston kwa miongo kadhaa. Alifariki 2009. Ukitaka kuanza safari hii, anza na ile sonata yake ya Høvikodden, usiku, kwa visikilizio. Kijana anayepiga saksofoni humo ana miaka 22. Ameshapata uraia. Ila nchi anayoitafuta kwenye ala yake, ramani yake alipewa na mgeni.