Ngitili

Ngitili ni eneo la malisho na miti ambalo wafugaji Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kikishapamba moto. Hulishwa sehemu moja baada ya nyingine, wakitangulizwa ndama, ng'ombe wa jembe na mifugo iliyodhoofika. Ni akiba inayowekwa kabla ukame haujafika, na hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Akiba hiyo ilikaribia kutoweka. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanda pamba, kisha uhamisho wa watu kwenda vijiji vipya miaka ya 1970 ukawatenga na ngitili zao. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Ardhi haikuponywa hasa na miche ya bustanini: wanavijiji walizuia mifugo, na visiki vilivyobaki vikachipua vyenyewe. Waliovunja masharti walishughulikiwa na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji. Kutoka takriban hekta 600 mwaka 1986, ngitili zilizidi hekta 300,000 mradi ulipokoma mwaka 2004. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Wapo wanaosema kwamba anayenufaika ni mwenye ng'ombe wengi. Hoja hiyo ina uzito, kwani ngitili kubwa za binafsi ni za wenye uwezo. Hata hivyo, ngitili hutoa pia kuni, nyasi za kuezekea, dawa na asali, vitu vinavyoisitiri kaya isiyo na ng'ombe mazao yanapokauka. Na mapato ya ngitili za kijiji yamejenga madarasa.