Redio ya madereva wa Marekani: waliosikika mbali hawakuwa wenye kelele

Kuna swali moja ambalo mafundi wa redio wanaulizwa tangu miaka ya 1960, na mpaka leo linarudi: je, redio ya CB ifunguliwe ndani ili sauti itoke kwa nguvu kuliko vile kiwanda kilivyopanga? Anayeuliza si mjinga. Ana redio ndogo ndani ya gari au nyumbani, anaita, na mtu wa upande wa pili anamwambia sauti iko chini. Fundi anamwambia ni kazi ya dakika chache tu: kuna waya mmoja wa kukata.

Huko Marekani, ambako redio hiyo ilizaliwa, watu wengi walikubali waya ukatwe. Historia yao inaonyesha walipata nini na walipoteza nini. Inafaa kujulikana pia na watu wa mashariki mwa Congo, kwa sababu hapa habari ya barabara kufungwa au ya kijiji kukimbiwa mara nyingi inapita kwa redio. Habari kama hiyo isiposikika vizuri, kuna familia itakayochukua njia mbaya.

Redio ya raia wa kawaida

CB ni kifupisho cha Kiingereza, maana yake ni masafa ya raia. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, mwaka 1945, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba mtu asiye mwanajeshi wala fundi naye apewe nafasi ya kuongea hewani. Mvumbuzi Al Gross alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza vyombo vya aina hiyo, na mwaka 1948 kampuni yake ilipata kibali. Lakini vyombo vya wakati ule vilitumia masafa ya juu sana, vilikuwa ghali, na havikufika mbali.

Mlango ulifunguka kweli tarehe 11 Septemba 1958. Siku hiyo FCC iliwapa raia chaneli 23 karibu na megahezi 27. Nguvu iliyoruhusiwa ilikuwa ndogo. Kipimo kinachojulikana leo ni wati 4 kwenye antena, chini ya balbu nyingi za nyumbani. Hiyo ilikuwa makusudi: redio ifike kilomita chache, kisha chaneli ileile itumiwe na watu wengine mbele kidogo bila kugongana.

Wakulima, wenye teksi na wafanyabiashara wadogo waliipenda. Mwaka 1962 watu wa kujitolea walianzisha kikundi kiitwacho REACT, kazi yake ikiwa kusikiliza na kuitikia wito wa hatari. Mwaka 1970 FCC ikatenga chaneli ya 9 kwa ajili ya ajali na msaada tu. Madereva wa makamyo nao wakazoea kukutana kwenye chaneli ya 19.

Mafuta yalipokosekana

Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilikataa kuiuzia Marekani mafuta kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Bei ilipanda, na vituo vingi vya mafuta vikakauka. Januari 1974 sheria ikaamuru gari lolote lisipite maili 55 kwa saa, yaani karibu kilomita 88. Dereva wa kamyo anayelipwa kwa safari aliumia mara mbili: mafuta ghali, na safari ndefu zaidi.

Hapo ndipo CB ikawa silaha ya barabarani. Madereva waliambiana wapi kuna mafuta, wapi polisi wamejificha, wapi ajali imefunga njia. Walipogoma na kuziba barabara kuu mwishoni mwa 1973 na mwanzoni mwa 1974, walipangana kwa redio hiyo. Kisha nchi nzima ikaambukizwa. Wimbo Convoy wa C.W. McCall, unaosimulia msafara wa makamyo yenye CB, ulishika nafasi ya kwanza Marekani Januari 1976. Hata Betty Ford, mke wa rais, alikuwa na jina lake la hewani: First Mama.

Mamilioni ya watu waliingia kwenye chaneli 23. Tarehe 1 Januari 1977 FCC ikaongeza mpaka 40, lakini bado hazikutosha. Juu ya hayo, mwishoni mwa miaka ya 1970 jua lilikuwa katika kipindi chake cha ukali. Katika kipindi kama hicho mawimbi ya megahezi 27 hudunda angani na kuanguka maelfu ya kilomita mbali. Mtu aliyetaka kuongea na jirani wa kilomita tano alifunikwa na sauti za watu wa mikoa mingine. Ndipo kila mmoja akaanza kutafuta namna ya kupita wenzake, na mafundi wakapata kazi.

Chukudu na mzigo wake

Ili kuelewa fundi anakata nini, inafaa kuangalia chukudu ya Goma. Katika redio ya AM kuna wimbi linalobeba, na kuna sauti inayobebwa. Wimbi ni chukudu, sauti ni gunia. Mtu anapobonyeza kitufe cha mikro bila kusema neno, wati 4 zinatoka, lakini ni chukudu tupu inayoteremka. Hakuna habari ndani yake.

Kiasi cha sauti kinachopakiwa kinahesabiwa kwa asilimia. Kwa wimbi la wati 4, likipakiwa asilimia 30, sauti yenyewe inapata chini ya wati 0.2. Likipakiwa asilimia 85, inapata karibu wati 1.4. Likifika asilimia 100, inapata wati 2. Hapo chukudu imejaa.

Ndiyo sababu wanaotaka sauti ipakiwe vizuri wana haki. Kutoka asilimia 30 mpaka 100, nguvu ya sauti inaongezeka mara kumi na moja, na wimbi linalobeba linabaki lilelile. Kanuni za Marekani zenyewe zinadai chombo kiweze kupita asilimia 85. Lakini zinakataza kupita 100, na zinataka chombo chenye zaidi ya wati 2.5 kiwe na kidhibiti kinachoizuia sauti chenyewe. Mafundi wanakiita limita. Waya unaokatwa ni wa hicho.

Limita ikitolewa, sauti inavuka kipimo. Kwenye mabonde ya sauti, wimbi linakatika kabisa: kwa nukta ndogo sana ya wakati, redio haitoi kitu. Kila mkatiko huo unazaa takataka za mawimbi ambazo hazibaki kwenye chaneli ya msemaji. Chaneli za CB kwa kawaida zimepangwa kila baada ya kilohezi 10, na sauti safi ya mtu inatosha kukaa ndani ya nafasi yake. Sauti iliyovuka inamwagikia chaneli ya juu na ya chini. Magunia yameanguka kwenye njia ya wengine.

Faida yake ni ipi? Kutoka asilimia 100 mpaka 120, hata kama nguvu yote ingekuwa sauti safi, ongezeko lingekuwa chini ya mara moja na nusu. Kwa kawaida, ili sindano ya mpokeaji ipande alama moja tu ya kipimo cha nguvu ya mawimbi, inahitajika nguvu mara nne. Kwa hiyo rafiki wa karibu atasema «sasa unasikika kwa nguvu», na ni kweli, maana yuko karibu. Lakini mtu wa mbali, ambaye tangu mwanzo alikuwa anahangaika kupata maneno, sasa anapata sauti iliyopasuka.

Majirani walilalamika

Malalamiko hayakutoka barabarani tu, yalitoka pia sebuleni. Ukizidisha megahezi 27 mara mbili unapata 54, na hapo ndipo chaneli ya 2 ya televisheni ya Marekani ilikuwa inaanza. Redio ya CB iliyochezewa, au iliyoongezewa kikuza nguvu, iliweza kuharibu picha ya nyumba ya jirani. Malalamiko kwa FCC yakawa mengi.

Tume ilijibu kwa sheria. Vyombo vipya vya chaneli 40 vilitakiwa kuwa visafi kuliko vya zamani, na kuanzia mwaka 1978 vile vya chaneli 23 vilikatazwa kuuzwa. Mwaka huohuo FCC ikapiga marufuku kutengeneza na kuuza vikuza nguvu vinavyofanya kazi karibu na megahezi 27. Lakini kumkamata kila mwenye waya uliokatwa haikuwezekana. Mwaka 1983 FCC iliacha hata kudai leseni kwa kila mtumiaji. Watu wengi waliacha redio zao wenyewe, kwa sababu kwenye kelele ile hakuna aliyekuwa anaongea na mtu.

Uingereza iliangalia na kujifunza. Watu wake walikuwa wameingiza vyombo vya AM kwa magendo, na televisheni zikaanza kusumbuliwa vilevile. Serikali ilipohalalisha CB tarehe 2 Novemba 1981, iliruhusu FM, siyo AM. Katika FM ukubwa wa wimbi haubadiliki na sauti, kwa hiyo haisumbui televisheni na vyombo vya jirani kwa namna ileile. AM iliruhusiwa huko baadaye sana, mwaka 2014. Marekani nayo ilikubali FM kwenye CB mwaka 2021.

Somo kwa wenye foni

Congo haikuwa nchi ya CB. Hapa watu wanajua foni: redio ya mawimbi mafupi iliyounganisha misheni, hospitali na wafanyabiashara pahali pasipo simu. Foni nyingi za siku hizi hazina swali la chukudu, kwa sababu zinatumia namna nyingine ambamo wimbi linalobeba linaondolewa na karibu nguvu yote inakwenda kwa sauti. Lakini kishawishi ni kilekile. Mwenye foni anayepiga kelele kwenye mikro, au anayefungua sauti ya ndani mpaka mwisho, anaharibu maneno yake na kumwagikia masafa ya jirani. Hata kituo kidogo cha FM kinachosukuma sauti kupita kipimo kinaweza kufunika kituo cha jirani, na habari za usalama zikapotea katikati.

Kwa hiyo jibu la swali la fundi ni hapana kwa waya, lakini ndiyo kwa kazi nyingine. Sauti ikiwa chini, kwanza mikro iletwe karibu na mdomo, na mtu aongee kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi hapo ndipo zile asilimia zilizokosekana zinapatikana. Pili, antena iinuliwe, na ipimwe kama inairudisha nguvu ndani ya chombo. Tatu, waya wa antena na viungio vyake vikaguliwe, maana kutu inakula wati kuliko limita. Nne, batri iangaliwe: umeme ukishuka, sauti nayo inashuka. Na kama bado chombo kinapakia kidogo, kirekebishwe na fundi mwenye kifaa cha kuonyesha wimbi, siyo anayepima kwa sikio.

Chaneli ya 9 haikuwekwa kwa ajili ya mwenye nguvu. Iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyepata ajali usiku, mwenye redio ndogo na batri inayokaribia kuisha. Mtu huyo hawezi kushindana na jirani aliyekata waya kwenye chaneli ya 8 au ya 10. Anachohitaji ni huyo jirani kubaki ndani ya nafasi yake, ili maneno yake machache yafike.