Vyura wa Cape Town na Homoni ya Kondo

Historia ya homoni za mimba husimuliwa kama msako wa chanzo: nani aligundua homoni ipi, na inatoka tezi gani. Masimulizi hayo yanaacha nusu ya mambo. Homoni haifanyi kazi yoyote mpaka inaswe na kipokezi, yaani protini ya seli inayoitambua na kuuitikia wito wake. Kwa miongo kadhaa wanasayansi walivitumia vipokezi kila siku bila kuvijua, na humo ndimo yalimotoka mafanikio yao pamoja na kosa lao kubwa.

Mwaka 1927 mjini Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waliwadunga panya wachanga wa kike mkojo wa wajawazito. Baada ya siku nne au tano panya waliuawa na kupasuliwa, na kama mwanamke alikuwa na mimba, ovari zao zilikutwa zimevimba, zina vidoa vyekundu vya damu. Kwa kuwa tishu ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ilileta matokeo ya namna hiyo, walihitimisha kwamba homoni ya mkojo nayo inatoka huko. Hoja ilikuwa ya busara, lakini haikuwa kweli. Homoni hiyo, hCG, hutengenezwa na kondo la nyuma. Ila kwenye ovari hupokelewa na kipokezi kilekile cha LH, homoni ya pituitari. Ovari ya panya ilijua imeitwa, haikujua aliyeita ni nani.

Afrika iliingia katika historia hii kupitia chura. Mwaka 1930, Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, alieleza kwamba chura wa Xenopus hutaga mayai akidungwa dondoo ya pituitari ya ng'ombe. Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein wa mji huohuo wakaonyesha kuwa mkojo wa mjamzito hufanya vivyo hivyo. Chura jike alidungwa, akawekwa kwenye chupa ya kioo yenye maji, na mara nyingi kabla siku haijaisha mayai madogo yalionekana chini ya chupa. Hakuuawa, angeweza kutumika tena. Maelfu walisafirishwa Ulaya na Marekani. Ovari ya chura nayo ilikuwa kipokezi cha kukodi.

Atasema mtu kwamba Josef Halban wa Vienna alikwisha kudai mwaka 1905 kuwa kondo hutoa homoni. Ni kweli, na anastahili sifa zaidi ya anazopewa. Lakini alisoma dalili za mwili mzima, ambamo pituitari, ovari na kondo hufanya kazi kwa pamoja. Mimba zabibu, ambayo ni tishu ya kondo iliyoota vibaya, ilitoa dokezo zito zaidi kwa kuwa homoni yake ilizidi mno. Jibu lilipatikana mwaka 1938 katika Johns Hopkins, Baltimore, pale Georgeanna Seegar na George Gey na mwenzao walipootesha seli za kondo nje ya mwili. Homoni ilionekana mle, na pituitari haikuwapo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kipimo kilifanya kazi bila mtu kujua habari za vipokezi, basi vina umuhimu gani? Kwa kupima, si mkubwa. Kwa kuelewa mimba, ni mkubwa sana. Katika miaka ya 1970 Arpad Csapo alionyesha kuwa ukiondoa sehemu ya ovari inayotoa projesteroni kabla ya wiki ya 7 hivi, mimba hutoka. Ukiiondoa baadaye, mimba huendelea, maana kondo limeanza kujitosheleza. Hadi hapo hCG ndiyo inayoishikilia ovari kazini kupitia kile kipokezi cha kuazima. Seli za kondo lenyewe nazo zina vipokezi hivyo, kwa hiyo kondo husikia pia wito wake.

Kipimo kinachouzwa leo katika duka la dawa hakitumii kipokezi bali kingamwili. Kingamwili hiyo hutambua sehemu ya beta ya hCG, inayotofautiana na ile ya LH, jambo ambalo panya na chura hawakuliweza.